Klabu za poka Texas: anayeombwa mtaji aijue sheria kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya jambo ambalo kwa muda sasa linazungumzwa na Watanzania, Wakenya na Wakongo tunaoishi Texas, Marekani, na ambalo limeanza kufika nyumbani kupitia makundi ya WhatsApp. Ni mwaliko wa kununua hisa katika biashara ya chumba cha kuchezea poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau la fedha, kinachoendeshwa kama klabu ya wanachama. Wanaoalika wanasema biashara hiyo ni halali kabisa, kwamba klabu za namna hiyo ziko nyingi Houston, Dallas na Austin, na kwamba mtu aliyeko Mwanza au Arusha mwenye dola elfu mbili au tatu anaweza kuwa mmiliki mwenza bila kukanyaga Marekani. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu hapa Houston ni kuandaa hesabu na ritani za kodi za biashara ndogo, nyingi zikiwa za Waafrika Mashariki wenzangu, na nimeletewa andiko la mradi wa aina hiyo nilipitie. Baada ya kulisoma na kulilinganisha na sheria yenyewe, naona si haki kukaa kimya wakati watu wanaendelea kuchangishwa.

Nianze kwa kukubali lililo kweli. Klabu hizo zipo, na hazijifichi. Texas Card House ilifungua milango yake Austin mwaka 2015, na tangu hapo nyingine nyingi zimefuata katika miji mikubwa ya jimbo hili, zikiwa na mabango barabarani na maegesho yaliyojaa magari hadi alfajiri. Mteja akifika, anaonyesha kitambulisho kaunta, analipa ada ya uanachama ambayo inaweza kuwa ya mwaka, ya mwezi au hata ya siku moja, kisha anapangiwa meza. Tangu anapoketi, saa inaanza kuhesabu, na kila saa analipia kiti chake, mara nyingi dola kumi na kitu. Mgawa karata ni mfanyakazi wa klabu, na washindi humpa bakshishi. Klabu haichukui hata senti katika fedha zinazowekwa katikati ya meza, na hapo ndipo wenye klabu wanapoiweka tofauti yao na kasino, ambayo hukata fungu lake katika kila mzunguko wa mchezo.

Sasa tuitazame sheria. Sura ya 47 ya Kanuni ya Adhabu ya Texas, katika kifungu cha 47.02, inasema kwamba kucheza na kuweka dau la fedha katika mchezo wa karata au dadu ni kosa. Baada ya kusema hivyo, kifungu hicho hicho kinampa mshtakiwa utetezi iwapo mambo matatu yatakuwepo kwa pamoja: mchezo uwe umechezwa mahali pa faragha, asiwepo mtu yeyote aliyepata manufaa ya kiuchumi zaidi ya kile alichoshinda mwenyewe, na, ukiacha bahati na ujuzi wa kila mmoja, wachezaji wote wawe walikuwa na nafasi sawa ya kushinda na hatari sawa ya kupoteza. Kwa hiyo Texas haina kifungu kinachoruhusu klabu za poka. Ina kosa, na ina utetezi wa kosa hilo, na biashara nzima ya klabu hizi imejengwa juu ya utetezi huo. Anayekuambia kwamba sheria imeruhusu anakuficha jambo la msingi, kwa sababu utetezi ni kitu unachokitumia ukiwa umeshashtakiwa.

Sharti la tatu halina taabu kubwa, kwani klabu yenyewe haichezi na hivyo haina upendeleo wa kihesabu dhidi ya mchezaji kama ilivyo katika kasino. Taabu iko katika yale mawili ya mwanzo. Sheria inaeleza kwamba mahali pa faragha ni mahali ambapo umma hauna ruhusa ya kuingia, na inataja kwa majina sehemu zisizohesabiwa kuwa za faragha, zikiwemo barabara, migahawa, baa, kumbi za starehe za usiku, na maeneo ya pamoja ya hoteli, majengo ya ofisi na maduka. Klabu inajibu kwamba haipokei umma, inapokea wanachama tu. Lakini kama mtu yeyote anayepita njiani akiwa na kitambulisho na dola kumi anaweza kuwa mwanachama ndani ya dakika mbili, mwanachama huyo ana tofauti gani na umma? Swali hilo hakimu yeyote ataliuliza, na ni vyema mwenye kutoa mtaji alijue jibu lake kabla ya kuulizwa.

Sharti la pili ndilo zito kuliko yote. Sheria inasema hakuna mtu aliyepata manufaa ya kiuchumi, na haikusema kwamba asipate katika fedha za mezani pekee. Wenye klabu wanajitetea kwamba ada ya saa ni malipo ya kiti, kiyoyozi, usalama na huduma, sawa na mtu anayelipia ukumbi wa mazoezi, na kwamba fedha hizo hazitokani na kamari. Mawakili wao wanaijenga hoja hiyo kwa umahiri na sitaki kuidharau. Hata hivyo, mimi ninayesoma vitabu vya hesabu kila siku naona ugumu wake waziwazi. Hakuna mtu anayelipa dola 12 kwa saa ili akae kwenye kiti. Analipa kwa sababu mbele ya kiti kile kuna meza, karata na watu wengine walioweka fedha zao, na mchezo ukisimama mapato ya klabu yanasimama saa hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, hayo ni manufaa ya kiuchumi yanayotokana na kamari kwa jina lolote utakaloyaita, na ninaamini siku Bunge la Texas au mahakama ya juu ya jimbo hilo itakapolazimika kusema neno la mwisho, hapo ndipo mzigo wote utakapoegemea.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mwaliko wowote ukiligusa. Mchezaji wa kawaida akishtakiwa chini ya kifungu cha 47.02 anakabiliwa na kosa la daraja la chini kabisa, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi dola 500. Mwenye nyumba ya mchezo yuko mahali pengine kabisa. Kifungu cha 47.03 kinahusu kukuza kamari na cha 47.04 kinahusu kuweka mahali pa kamari, ikiwemo kumpangisha mtu jengo huku ukijua litatumika kwa kazi hiyo, na kila kimoja adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 4,000. Chini ya kifungu cha 47.04 mshtakiwa anaweza kuyatumia masharti yale yale matatu kujitetea, ila mzigo wa kuyathibitisha uko mabegani mwake. Haitoshi kuleta shaka. Ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Na watu watatu au zaidi wakishirikiana katika makosa hayo, mwendesha mashtaka anaweza kutumia kifungu cha uhalifu wa kupanga, ambacho kinalipandisha kosa daraja moja na kuligeuza kuwa kosa kubwa la jinai.

Nirudi kwenye andiko la mradi nililoletewa, bila kumtaja mwenyewe, kwa kuwa ni mtu anayetafuta riziki kama sisi wote na sidhani alikusudia ubaya. Andiko lilikuwa na meza nane zenye viti tisa kila moja, na lilikadiria kwamba nusu ya viti ingekuwa na watu kwa saa 12 kila siku. Viti 36 kwa dola 12 kwa saa ni dola 432 kila saa, yaani dola 5,184 kwa siku. Kihesabu lilikuwa limepangwa vizuri. Kisha, katika ukurasa wa mapato mengine, palikuwa na mashindano ya kila Jumamosi ambayo kiingilio chake ni dola 150, na mstari mdogo chini yake ukieleza kwamba 120 zinakwenda kwenye zawadi na 30 zinabaki klabu. Nilimwuliza mwenye andiko kama wakili ameuona mstari ule. Alinijibu kwamba wakili hajatafutwa bado, kwa sababu fedha za kumlipa zitatoka katika michango. Mstari ule mmoja unaibomoa hoja yote ya ada ya kiti, kwani dola 30 zile zinakatwa moja kwa moja katika fedha ambazo mchezaji ameingia nazo kwenye mchezo, na tofauti yake na fungu la kasino siioni.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kama ni kosa, mbona wenye klabu hawajafungwa? Jibu la kweli ni kwamba baadhi walikamatwa, na yaliyofuata yanafundisha mengi. Tarehe 1 Mei 2019 polisi wa Houston walivamia klabu mbili, Prime Social na Post Oak, na watu tisa wakashtakiwa kwa utakatishaji wa fedha na uhalifu wa kupanga. Mwezi Julai mwaka huo mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Harris, Kim Ogg, aliyafuta mashtaka yote. Wengi wanaisimulia habari hii kama ushindi wa poka, lakini hakuna hakimu aliyesema kwamba biashara ile ni halali. Mashtaka yalifutwa kwa sababu ya mgongano wa maslahi uliomhusu mtu aliyewahi kuifanyia kazi ofisi ya mwendesha mashtaka na ambaye pia alikuwa na mahusiano na klabu hizo. Swali la sheria lilibaki pale pale lilipokuwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mbunge mmoja wa jimbo aliiomba ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, itoe maoni rasmi kuhusu klabu za aina hii, na ofisi hiyo ikajizuia kujibu kwa kuwa suala lilikuwa mahakamani.

Dallas ni mfano mzito zaidi kwa mtu anayefikiria kuweka mtaji. Texas Card House iliomba na kupata kibali cha matumizi ya jengo kutoka kwa jiji mwaka 2020, ikaandaa ukumbi, ikaajiri watu na kufungua. Haikuficha chochote, jiji lilijua kinachokwenda kufanyika humo ndani. Mwishoni mwa mwaka 2021 afisa majengo wa jiji hilo hilo alikifuta kibali, akisema kilitolewa kwa biashara iliyo kinyume cha sheria ya jimbo. Klabu ikakata rufaa kwenye bodi ya jiji inayosikiliza malalamiko ya matumizi ya ardhi, na bodi ikairudishia haki yake mwaka 2022. Jiji, badala ya kukubali, likaishtaki bodi yake lenyewe, na mwezi Oktoba mwaka huo hakimu Eric Moyé akatoa uamuzi upande wa jiji. Klabu ikapanda tena Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2024 ilitengua uamuzi wa hakimu huyo na kuupa nguvu ule wa bodi. Huo ni ushindi na wenye klabu wana haki ya kuufurahia. Lakini ushindi huo ulihusu kibali cha jengo moja na mamlaka ya bodi ya jiji moja. Aliyeweka fedha zake mwaka 2020 alikaa miaka akisubiri kujua kama ukumbi wake utafungwa kesho, na muda wote huo pango, mishahara na ada za mawakili ziliendelea kulipwa. Kampuni yenye kumbi katika miji kadhaa inaweza kuvumilia hivyo. Kikundi cha watu kumi waliochanga akiba zao hakiwezi.

Hapa niwaeleze wasomaji walioko nyumbani kitu kinachowachanganya, maana nimekiona hata kwa watu wasomi. Tanzania Bara tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoanza kazi Julai mwaka huo. Anayetaka kufungua kasino au duka la kubashiri matokeo anakwenda Bodi, anachunguzwa, anapewa leseni yenye masharti, na tangu mwaka 2017 kodi ya michezo hiyo inakusanywa na Mamlaka ya Mapato. Kwa hiyo Mtanzania akionyeshwa karatasi yenye muhuri wa serikali na neno poka, anaamini ameonyeshwa leseni ya poka. Texas haina bodi ya namna hiyo kwa ajili ya klabu hizi. Hakuna ofisi ya jimbo inayotoa leseni ya chumba cha poka. Hati utakayotumiwa kwenye simu itakuwa ni ya usajili wa kampuni, au ya namba ya kodi, au ya matumizi ya jengo, na zote hizo hupewa pia mwenye saluni na mwenye duka la vipuri vya magari. Majimbo mengine hayako hivyo: California hutoa leseni kwa kumbi za karata na kuzikagua, na hata ndani ya Texas kabila la Kickapoo lina kasino yake karibu na Eagle Pass, mpakani na Meksiko, chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inayohusu ardhi za makabila ya asili. Hizo ni biashara za aina nyingine kabisa na haifai kuzitumia kama ushahidi wa hii.

Wapo pia wanaosema kwamba poka si kamari kwa sababu ni mchezo wa akili. Kuna ukweli ndani yake. Mchezaji hodari atamshinda asiyejua akipewa muda wa kutosha. Hoja hiyo ilifikishwa mahakamani na mtu aliyekuwa na biashara ya aina hii hasa. Lawrence DiCristina aliendesha michezo ya poka katika chumba cha nyuma cha ghala Staten Island, New York, ambako pia aliuza baiskeli za umeme, akikata asilimia tano ya fedha za kila mzunguko. Alishtakiwa kwa sheria ya shirikisho, na mwaka 2012 jaji Jack Weinstein, katika uamuzi mrefu uliosheheni takwimu, alikubali kwamba ujuzi una nguvu kuliko bahati katika poka na akaifuta hatia aliyokuwa ametiwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo na kurejesha hatia, ikieleza kwamba sheria haimtaki mwendesha mashtaka athibitishe kama mchezo ni wa bahati au wa akili; inatosha kwamba biashara ilikuwa ya kamari iliyokatazwa na sheria ya jimbo. London nako klabu ya Gutshot ilijaribu hoja iyo hiyo, na mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani mwenye klabu. Kwa hiyo anayekuandalia andiko la mradi akaweka sentensi ya mchezo wa akili mahali pa ushauri wa wakili, mwambie kwamba njia hiyo imeshapitwa na wenzake na wanajua ilikowafikisha.

Sheria hiyo ya shirikisho ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa ajili ya wenye hisa. Ilipitishwa mwaka 1970, na inaitambua biashara ya kamari kuwa ya jinai ya shirikisho ikiwa inavunja sheria ya jimbo, ikiwa inahusisha watu watano au zaidi, na ikiwa imeendeshwa kwa zaidi ya siku 30 au imeingiza dola 2,000 kwa siku moja. Watu hao watano si wale wanaogawa karata peke yao. Sheria inawataja wanaoendesha, wanaosimamia, wanaogharimia, na wanaomiliki biashara yote au sehemu yake. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka mitano, na mali iliyotumika inaweza kutaifishwa. Hebu sasa mtu alitazame tena lile andiko lenye mapato ya dola 5,184 kwa siku na orodha ya wenye hisa kumi na watano, kila mmoja kwa jina lake kamili na kiasi alichochangia. Karatasi hiyo waliyoitengeneza kwa nia njema ya uwazi, ili kila mtu ajue haki yake, ingekuwa ndiyo kielelezo cha kwanza cha upande wa mashtaka. Sisemi kwamba serikali ya shirikisho inazifukuzia klabu zote za Texas. Nasema kwamba mama aliyeko Kinondoni aliyeuza kiwanja ili apate hisa hajaambiwa kwamba sheria inamhesabu miongoni mwa wamiliki.

Kwa sisi tulio huku kuna upande mwingine ambao Mmarekani aliyezaliwa hapa hana haja ya kuufikiria. Mtu mwenye ukaazi wa kudumu anayeomba uraia anatakiwa kuonyesha kwamba amekuwa mtu wa tabia njema, kwa kawaida katika miaka mitano iliyotangulia maombi. Sheria ya uhamiaji inataja watu ambao haiwezi kuwahesabu hivyo, na miongoni mwao ni mtu ambaye kipato chake kikuu kinatokana na kamari isiyo halali, na mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari katika kipindi hicho. Fomu ya maombi ya uraia imekuwa ikiuliza jambo hili waziwazi, na majibu hutolewa chini ya kiapo. Nimewaandalia ritani vijana wa Kikongo waliokaa kambini Nyarugusu tangu utotoni, wakaletwa Texas kama wakimbizi, wakafanya kazi za usiku katika viwanda vya nyama na maghala hadi wakafikia kustahili kuomba uraia. Kazi ya kugawa karata inalipa vizuri kuliko ghala, na bakshishi ya usiku mmoja inaweza kuzidi ujira wa siku mbili. Kijana wa namna hiyo akiniuliza kama aichukue, namwambia akamwone kwanza wakili wa uhamiaji, na namwambia bila kuzungukazunguka kwamba kipato hicho atakiandika kwenye ritani ya kodi na kitabaki pale kwa yeyote atakayekuja kukisoma.

Kuhusu kama kamari ni dhambi au la, viongozi wetu wa dini wanalieleza suala hilo vizuri kuliko mhasibu, na sitaligusa. Wala sina ugomvi na waliofungua klabu hizi wakiwa na mawakili wa makosa ya jinai tangu siku ya kwanza, wanaokataa kukata chochote mezani wala kwenye mashindano, na wanaowaambia wawekezaji wao kwa maandishi kwamba fedha zote zinaweza kupotea kwa amri ya afisa mmoja. Hao wamejua hatari na wameibeba wenyewe. Ningependa pia Bunge la Texas liamue, ama kwa kuzipa klabu hizi leseni na masharti, ama kwa kuzifunga, kwa sababu hali ya sasa, ambapo kaunti moja inaziacha na jiji la jirani linazishtaki, inawaumiza wasio na uwezo wa kulipa mawakili na kuwaneemesha wenye nao. Ila mpaka hapo litakapoamua, kumwambia mtu aliye mbali kwamba biashara hii ni halali, bila kuongeza neno, ni kumdanganya.

Kwa wale ambao tayari wametoa michango, nina ombi la haraka. Wengi wa waandaaji bado hawajasaini mkataba wa pango. Mikataba ya majengo ya biashara huku huwa ya miaka mitatu hadi mitano, na kampuni mpya isiyo na historia karibu kila mara inatakiwa kutoa mdhamini binafsi, yaani mtu atakayelipa kutoka mfukoni mwake hata kama klabu itafungwa mwezi wa pili. Mara nyingi mikataba hiyo ina kipengele kinachomruhusu mwenye jengo kumtoa mpangaji anayefanya jambo lililo kinyume cha sheria, huku deni la pango likiendelea kudaiwa. Kabla ya saini hiyo fedha zingali benki na zinaweza kurudishwa. Mwandikieni anayewakusanya, kwa barua na si kwa ujumbe wa sauti, mwombeni nakala ya maoni ya wakili mwenye leseni ya kufanya kazi Texas, yakiwa yamesainiwa na kutaja kifungu cha 47.04 na sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, na mwulizeni ni jina la nani litakaloandikwa kwenye udhamini wa pango. Akishindwa kuleta maoni hayo, ombeni fedha zenu zirudishwe wiki hiyo hiyo.

Wako,
Mhasibu Mtanzania,
Houston, Texas